Kitunguu, Nyama na Chuma cha Moto

Mji wa El Reno uko katika jimbo la Oklahoma, Marekani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Oklahoma City kuelekea magharibi. Wakazi wake hawafiki 20,000. Zamani ulikuwa mji wa reli: kampuni ya Rock Island ilikuwa na karakana zake hapo, na barabara ya Route 66 ilipita mjini. Kampuni ile ya reli ilikufa mwaka 1980, na barabara kuu mpya imeupita mji kando. Kilichobaki cha kumfanya msafiri akate kona aingie ni baga ya kitunguu. Inapikwa katika migahawa mitatu iliyo karibu karibu: Robert's Grill, uliopo tangu 1926; Johnnie's Grill, wa 1946; na Sid's Diner, mdogo wao kwa umri. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Mei, mji hufanya sherehe ya baga hiyo na kupika moja yenye uzito unaozidi kilo 300. Hiyo tuiache, ni mchezo wa sherehe. Ninayotaka kuisifu ni ile ndogo ya kila siku, inayopikwa mbele ya mlaji kwa dakika nne au tano na kuliwa kwa muda mfupi zaidi ya huo.

Kazi hii hudharauliwa kwa sababu matokeo yake ni rahisi kununua. Anayekula hulipa, hufungua karatasi, hula, huondoka. Haoni kwamba kuna fundi aliyesimama pale. Lakini mpishi huyu ana vitu vinne vikuu: nyama, kitunguu, mkate na bamba la chuma. Hana mchuzi wa kufichia kosa, wala viungo vya kumwokoa. Kila anachokijua lazima kionekane katika vitu hivyo vinne.

Tuanze na nyama. Ni ya ng'ombe, imesagwa karibuni, na ndani yake kuna mafuta kiasi cha fungu moja kwa mafungu manne ya nyama. Mafuta yakipungua, baga hukauka. Yakizidi, husinyaa kwenye chuma na kubaki kipande kidogo katikati ya dimbwi. Mpishi huchota kwa mkono na kuviringa donge kwa wepesi, vidole vikigusa na kuachia. Msomaji wa pwani aliyezoea kababu ataona ajabu hapa. Kababu hukandwa. Hutiwa chumvi, kitunguu saumu, kotmiri, mkate uliolowekwa na yai, kisha hukandwa hadi inate, maana kababu isiyokandwa itavunjikia ndani ya mafuta. Chumvi na mkono huyeyusha protini ya nyama, na protini hiyo ndiyo inayoshikanisha chembe zote. Baga inataka kinyume chake: chembe ziguse tu bila kugandana, ili meno yazitenganishe bila kazi. Kwa hiyo chumvi haichanganywi ndani ya nyama hata kidogo. Hunyunyizwa juu, dakika ya mwisho, donge likiwa tayari limefika kwenye chuma. J. Kenji López-Alt, mwandishi Mmarekani wa mambo ya mapishi, alijaribu njia zote mbili akaonyesha kwamba nyama iliyochanganywa na chumvi mapema hutoka imekaza na kuchukua tabia ya soseji. Wapishi wa Oklahoma walikuwa wakinyunyiza chumvi juu miaka mingi kabla ya jaribio lake, bila maelezo, kwa sababu aliyewafundisha alifanya hivyo.

Kitunguu nacho kina masharti yake. Hukatwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kwa mashine au kwa kisu kikali, na huwa kingi kupita anavyotarajia mgeni: lundo la kitunguu juu ya donge huweza kulizidi donge lenyewe kwa ukubwa. Unene ndio kila kitu. Nyama iliyobanwa ikawa nyembamba huiva kwa dakika chache tu, na kitunguu lazima kimalize safari yake katika dakika hizo hizo: kitoe maji, kilainike, kiive kwenye mafuta ya nyama, na kingo zake ziungue kidogo. Kikikatwa kinene, nyama itakuwa imekwisha kuiva na kitunguu bado kinalia kati ya meno. Kikiwa na maji mengi, bamba litapoa. Mpishi mzoefu akishika kitunguu cha msimu mpya hujua kabla ya kukikata kwamba leo mambo yatakwenda taratibu kidogo.

Sasa chuma. Bamba ni pana, nene, limelala juu ya moto wa gesi, na halina joto sawasawa kila mahali, hata liwe jipya na la gharama. Kuna pembe inayounguza na kuna ukingo wa kupumzishia. Mpishi huiweka sehemu ya kupikia karibu na nyuzi 190 au 200 za Selsiasi, ingawa wengi wao hawapimi. Hutupa tone la maji wakatazama linavyokimbia. Donge hutoka kwenye friji likiwa baridi, hutua kwenye chuma, hupewa lundo lake la kitunguu kichwani, na hapo ndipo lile tendo moja linapofanyika. Mpishi huweka mwiko wa chuma juu ya kitunguu, huusaidia kwa mkono wa pili, na kubonyeza kwa uzito wa bega. Donge hupasuka kingo, hutandazika, na kitunguu huzama ndani ya nyama. Sekunde chache, imekwisha.

Tendo hilo ndilo linalotenganisha fundi na mjaribu. Nyama ikiwa bado baridi, mafuta yake ni magumu, yamefungika ndani ya chembe. Ukiibonyeza wakati huo haipotezi kitu. Ikishakaa nusu dakika au zaidi kwenye moto, mafuta yameanza kuyeyuka na maji yameanza kutoka, na kila unapobonyeza unakamua. Kwa hiyo hubonyezwa mara moja, mapema, kwa nguvu zote, kisha mwiko hauwekwi tena juu yake. Mtu mwenye wasiwasi hurudi kubonyeza mara ya pili na ya tatu, akifurahia ile sauti ya mafuta kuchemka. Sauti hiyo ni ya utamu unaoondoka.

Na kwa nini kubonyeza kabisa? Ni kwa ajili ya ukoko. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sehemu za protini zinavyoungana na sukari zikipashwa moto, na kutoka hapo tukaelewa rangi ya kahawia na harufu ya nyama ya kuchoma, mkate na kahawa. Kwenye nyama, mabadiliko hayo hupamba moto joto likipita nyuzi 140 hivi, na penye maji joto hukwama kwenye 100 mpaka maji yatoke. Donge la mviringo linagusa chuma kwa eneo dogo. Lililotandazwa linagusa kwa uso wake mzima, maji yanatoka upesi, na ukoko unajengeka nyama ikiwa bado ina majimaji juu. Kingo zilizopasuka na kuwa na vipindo huwa nyembamba kabisa na kukauka kama utando wa sukari iliyoungua. Hizo ndizo watu wanazogombania.

Baada ya ukoko kuja, kazi ni kuubandua bila kuuacha kwenye chuma. Hapa mwiko hugeuka kuwa kisu. Una ukingo ulionolewa, nao huingia chini ya nyama kwa pembe ndogo, ukisukumwa kwa mkupuo mmoja. Ukiinua mapema mno ukoko utabaki chini; ukichelewa, umeungua na uchungu umeingia. Mpishi hajui wakati huo kwa saa. Anausikia. Mwanzoni sauti ya bamba ni nzito na yenye maji, kisha hupungua na kuwa kavu, ya mafuta peke yake, na mpito huo kati ya sauti mbili ndio amri. Hugeuza, na sasa kitunguu kiko chini, kati ya chuma na nyama. Huko hupikwa kwa mafuta yanayoshuka, na mvuke wake hupanda ukaivisha nyama kwa upole kutoka chini. Jibini huwekwa juu. Kisha vipande viwili vya mkate hupandishwa juu ya nyama vikae kwenye ule mvuke, vilainike na kubeba harufu. Baga ikija mezani, mkate umekwisha kuwa sehemu ya mapishi. Haradali kidogo, tango la achari, basi.

Mtu mmoja akipika moja, hayo yote ni rahisi. Sasa weka ishirini kwenye bamba kwa wakati mmoja, kila moja katika hatua yake, wateja wamejipanga nyuma ya viti virefu vya kaunta, huyu hataki jibini, yule anataka mbili za kwenda nazo. Mpishi huhamisha, huzungusha, hukwangua ukoko uliobaki kabla haujawa makaa, na hajaandika popote ni ya nani ipi. Hiyo ndiyo kazi.

Kitunguu kiliingiaje? Kwa uhaba. Simulizi ya mji yasema kwamba mwaka 1922, wafanyakazi wa karakana za reli wapatao 400,000 walipogoma nchi nzima, El Reno ilibaki na watu wengi wasio na mshahara, na mpishi mmoja, Ross Davis wa Hamburger Inn, akaanza kujaza baga yake kwa kitunguu kwa sababu kitunguu kilikuwa rahisi kuliko nyama. Wengine husogeza kisa mbele hadi Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Vyovyote iwavyo, hila ya kupunguza nyama ilizaa kitu kitamu kuliko kile ilichokusudia kukipunja, na shida ilipokwisha hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Lakini kuna mkono mwingine, katika jimbo jirani la Kansas, na bila kuutaja huo hatuwezi kuyaelewa makampuni makubwa. Mwaka 1916, katika mji wa Wichita, mpishi aitwaye Walter Anderson alifungua kibanda cha baga. Alikuwa akifanya tendo lile lile: donge, kitunguu, mwiko, kubonyeza. Husimuliwa kwamba aligundua hivyo kwa hasira, alipochoka na donge lililogoma kuiva akalipiga mwiko. Kilichomsumbua kuliko mapishi ni sifa ya nyama ya kusaga. Riwaya ya Upton Sinclair ya 1906 juu ya viwanda vya nyama vya Chicago ilikuwa imewatia Wamarekani kinyaa, na wengi waliamini nyama ya kusaga ni mabaki ya buchani. Mwaka 1921 Anderson aliungana na Billy Ingram, mfanyabiashara wa nyumba na bima, wakakopa dola 700 na kuanzisha White Castle: vijumba vidogo vyeupe, mpishi aliyevaa nguo safi, bamba mbele ya mteja, baga moja senti 5. Mwaka 1930 walimgharimia mwanafunzi mmoja wa udaktari Minnesota aishi kwa kula baga zao tu kwa wiki 13, ili watu waone kwamba hafi. Hakufa.

Hiyo ndiyo kampuni ya kwanza ya baga yenye matawi, na nataka msomaji aone ilikotoka: mkono wa mpishi mmoja, kwenye nyanda zile zile, katika miaka ile ile ya El Reno. Mgahawa wa mtu mmoja na kampuni ya matawi ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1933 Anderson alimuuzia Ingram hisa zake. Mpishi akaondoka, kampuni ikabaki. Baga ya White Castle leo ni kipande cha mraba chenye matundu matano, kinachowekwa juu ya tandiko la kitunguu; mvuke hupanda kupitia matundu, na kipande huiva pande zote bila kugeuzwa. Hakuna anayekigeuza kwa sababu hakuna haja ya kukigeuza. Tendo lile la bega na mwiko limeondolewa kabisa, na matundu yamechukua nafasi yake.

Kuna watu wanaoona makampuni haya ni upishi usio na ufundi. Si kweli, ila ufundi wao uko mahali pengine. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mgahawa uliostawi San Bernardino, California. Mwaka 1948 waliufunga kwa hiari yao, wakawaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakapunguza orodha ya vyakula hadi tisa, na kufungua tena wakiuza baga kwa senti 15. Walipotaka kupanga jiko la mgahawa wao mpya walilichora kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, ukubwa wake halisi, wakawaita wafanyakazi watembee ndani ya mchoro wakijifanya wanapika, wakafuta na kuchora upya kila walipogongana. Mvua ilinyesha usiku ikafuta kila kitu, nao wakaanza tena. Ed Toman, mwenye karakana ya vyuma mjini hapo, aliwatengenezea chombo cha kutoa kiasi kile kile cha haradali na sosi ya nyanya kila kinapobanwa. Hiyo ni kazi ya mikono, na ya watu makini. Lengo lake tu lilikuwa kwamba baada yao pasihitajike mkono makini.

Ray Kroc, aliyekuwa akiuza mashine za maziwa ya kukoroga, aliwaona mwaka 1954, akafungua tawi lake la kwanza Des Plaines, Illinois, Aprili 1955, na mwaka 1961 akawanunua wenye jina kwa dola milioni 2.7. Msaidizi wake Fred Turner, ambaye naye alianza kwa kusimama kwenye bamba, ndiye aliyeandika kitabu cha kanuni za upishi. Humo mna kanuni moja ninayoipenda. Nyama zipangwe kwenye bamba safu sita za vipande sita sita. Kisha mpishi asianze kugeuza safu ya kwanza; aanze na ya tatu, aendelee hadi ya sita, ndipo arudi kwenye ya kwanza na ya pili, kwa kuwa hizo mbili ziko mbali na chanzo cha joto.

Kanuni hiyo ni maarifa ya mpishi yaliyonaswa. Mtu aliyesimama mbele ya bamba lile kwa miezi alijua bila kufikiri wapi panaunguza na wapi panachelewa, na Turner akayatoa maarifa hayo kwenye kifundo cha mkono akayaweka kwenye ukurasa, ili kijana aliyeajiriwa jana aweze kuyatii leo. Namheshimu kwa hilo. Lakini ona kilichofuata. Maarifa yakishakuwa kwenye ukurasa, mtu aliyeyazaa hahitajiki tena, na ukurasa hauzai mengine. Unajua bamba moja tu. Na ili ukurasa uendelee kuwa kweli, lazima dunia nzima ifanywe ifanane na siku ile ulipoandikwa: nyama zigandishwe zikiwa na uzito mmoja, kumi katika ratili; bamba liwe na kifuniko cha moto kinachopika pande mbili kwa pamoja; kitunguu cha baga ya kawaida kikaushwe, kikatwe vipande vidogo vidogo, na kulowekwa maji dukani. Mpishi wa El Reno anayapokea mabadiliko ya kitunguu. Kampuni iliamua kitunguu kisibadilike.

Ndiyo maana, kampuni hiyo ilipotaka kitu kipya, mara nyingi kilitoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na tawi lake na wateja anaowajua kwa sura. Lou Groen wa Cincinnati, ambaye mtaa wake ulijaa Wakatoliki wasiokula nyama siku za Ijumaa za mfungo, alibuni mkate wa samaki mwaka 1962. Kroc mwenyewe alikuwa na wazo lake la kuwahudumia wafungaji hao: kipande cha nanasi ndani ya mkate. Samaki alishinda, na nanasi halikusikika tena. Jim Delligatti wa Uniontown, Pennsylvania, alianza kuuza Big Mac mwaka 1967, na kampuni ikaieneza nchi nzima mwaka uliofuata. Vyakula viwili ambavyo dunia inavihesabu kuwa ni vya kampuni vilipikwa kwanza na watu waliotoka kidogo nje ya kitabu.

Haki isemwe pia kwa upande wa kitabu. Mwaka 1993 baga zisizoiva vizuri za kampuni ya Jack in the Box ziliwaambukiza watu zaidi ya 700 bakteria hatari wa aina ya E. coli, na watoto wanne walikufa. Tangu hapo wakaguzi wa Marekani hawana mzaha na nyama ya kusaga, ambayo serikali yao inashauri ifike nyuzi 71 ndani. Nyama ikisagwa, uchafu uliokuwa nje huingia ndani. Si sawa na kipande kizima cha steki. Mwenye mgahawa mdogo anayejivunia baga nene iliyo nyekundu katikati anacheza na afya ya watu, jina lake liwe zuri namna gani. Baga ya kubonyezwa ina faida hapa ambayo haisemwi vya kutosha: ni nyembamba kiasi kwamba ukoko ukiwa umekamilika, katikati pamekwisha kupita kiwango cha usalama. Ukoko na usalama vinafika pamoja.

Mzunguko umefanya kitu cha kuchekesha tangu wakati huo. Mwaka 2007, huko Denver, ilianzishwa kampuni ya matawi iitwayo Smashburger, ambayo bidhaa yake kuu ni lile tendo la kubonyeza. Baada ya hapo baga ya kubonyezwa ikaenea miji mikubwa ya dunia, pamoja na Nairobi na Dubai, na leo kijana mwenye bamba la gesi na mwiko mzito anaweza kuanza biashara kwenye kontena. Makampuni makubwa ya kigeni yamefika Afrika Mashariki kwa kusuasua: wakazi wa Nairobi wenye umri wanaikumbuka Wimpy, KFC walifungua 2011, Burger King 2016, na McDonald's hawapo Kenya wala Tanzania mpaka sasa. Januari 2022 matawi ya KFC ya Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyotoka nje vilichelewa baharini, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, ila hawakushangaa vya kutosha jinsi ukurasa unavyofanya kazi: kiazi kilichokuwepo hakikuwa kiazi kilichoandikwa.

Nafasi ya mpishi wa kwetu iko hapo hapo. Ng'ombe wetu wengi ni wa malishoni, na nyama yao ni nyekundu tupu. Ukisaga ya paja peke yake ukaiweka kwenye chuma, utapata kitu kikavu cha kuhitaji soda. Anayejua kazi huzungumza na muuza bucha. Huomba kidari, huomba mafuta yasitupwe, na mjanja huomba nundu, ambayo ng'ombe wengi wa Oklahoma hawanayo. Nundu ikisagwa na nyama ya bega kwa kipimo kizuri, mafuta yake huyeyuka vizuri na harufu yake ni ya nyama choma, jambo ambalo hakuna kitabu cha Illinois kinachoweza kulifundisha. Hali kadhalika kitunguu chetu chekundu, ambacho ni kikali kuliko cha njano cha Marekani: kikikatwa chembamba na kupewa moto wa kutosha, ukali huo hugeuka utamu wenye kina. Mkate ni tatizo. Mikate mingi ya duara madukani ni mitamu na hubomoka ikipata mvuke, na wachache niliowaona wakifanya vizuri huoka wenyewe au humwagiza mwoka mikate wa mtaani awapunguzie sukari.

Wanaoshindwa nao wapo, na ni wengi. Kosa lao ni kuiga orodha ya kampuni badala ya kuiga mpishi: baga sita za majina ya Kiingereza, sosi nne, nyama iliyogandishwa ya duka kubwa, mkate uliofunikwa ufuta, na juu yake bei ya hotelini. Kuliko kula kwa mtu wa hivyo, afadhali nile kwenye tawi la kampuni, ambako angalau ninajua ninachopata na choo ni safi. Uhuru wa mwenye mgahawa wake hauna thamani yoyote usipoonekana kwenye bamba.

Basi, msomaji, ukimpata aliye na orodha fupi, anayeviringa madonge asubuhi na kukata kitunguu chake mwenyewe, kaa mahali utakapoliona bamba. Mpe dakika zake tano bila kupiga kaunta, na mlipe bei aliyoandika. Ila ukimwona amerudisha mwiko juu ya nyama kuibonyeza mara ya pili, inuka utafute kwingine.